Miti Niliyompelekea Mwanasha Adu

Mmeniuliza kila mmoja kwa zamu yake, mwingine msikitini, mwingine kwenye foleni ya maji, mwingine kwa simu: "Omari, ile miti ya dada yako imeshika?" Kila mara nimejibu Alhamdulillahi, nikageuza mazungumzo. Sasa naandika mara moja tu, msome wote, kisha tusiulizane tena. Mkiona nimejisema vibaya, msije kunipoza. Sijajisema vibaya vya kutosha.

Kilifi: simu ya Mwanasha

Mnanijua kazi yangu. Zaidi ya miaka thelathini nimetunza bustani za watu hapa kando ya bahari, nyumba zenye mabwawa ya kuogelea na mbwa wanaokula vizuri kuliko mimi. Ukinipa kiwanja nakwambia bila kufikiri: huku mbele kwenye upepo wa chumvi weka mvinje, kule nyuma weka mwarobaini, na mkungu usiuweke karibu na ukuta. Ndivyo nilivyokuwa nikisema. Miaka hii nimekuwa nikisema na moyo unasita, maana miti niliyokuwa naipanda nimefumba macho inanifia mikononi. Mvua ya masika inakuja imechelewa, inamwagika yote kwa siku tatu, inakwenda zake. Jua linabaki kwa muda mrefu hata majani ya mwarobaini yanajikunja. Tajiri wangu mmoja aliniambia nimezeeka. Nikakubali, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumweleza.

Mwanasha ni mdogo wangu, tumbo moja. Aliolewa Adu na Karisa, Mgiriama aliyesilimu, mtu mpole, asiyejua kupandisha sauti. Walizaa mabinti wawili, na wote wameolewa mbali. Karisa alifariki mwaka juzi. Akamwachia Mwanasha nyumba ya udongo ya vyumba viwili na miti sita aliyoipanda kwa mkono wake, miembe minne na mikorosho miwili.

Hapa niseme jambo, kwa sababu baadhi yenu mmekulia mjini. Kwetu pwani ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Mtu anaweza kumiliki mnazi uliosimama katika shamba la mwenzake, akaula, akaurithisha, hata akauuza. Ardhi ya Adu ni ya ukoo wa akina Karisa. Lakini ile miti sita ilikuwa ya Karisa, na mjane aliyekaa chini ya miti ya mumewe hakuna anayemwambia inuka. Miti ndiyo iliyokuwa imemshika pale. Na huu ukame uliopiga, ukaondoka, ukarudi, umeiua mmoja baada ya mwingine.

Siku hiyo alinipigia nikiwa nakata ua la mtu. "Kaka, shikamoo. Mwembe wa mwisho umekauka."

"Marahaba. Umekauka au umepukutisha?"

"Umekauka, kaka. Nimeukwangua gome kwa kisu, ndani pakavu." Akavuta pumzi. "Mwezi ujao watu wa mume wangu watakaa kikao, wagawe vya marehemu. Wakikuta visiki vitupu, mimi nina nini hapa? Niletee miche. Miembe minne, mikorosho miwili."

Nikamwambia mwembe mchanga hauwezi tena jua la Adu, kwamba nitamchagulia miti itakayoishi. Kisha akasema, "Haya. Wewe ndiye fundi."

Mimi nikaichukua ile kuwa sifa.

Malindi: siku mbili zisizotakiwa

Jirani yangu Chengo ana pikapu nyeupe ambayo ilikuwa nyeupe. Tulikubaliana aniendeshe hadi Adu na kurudi, safari ya siku mbili. Ilituchukua sita. Kabla hatujaingia Malindi mkanda wa injini ulikatika, na fundi akasema mkanda wa gari la umri ule hauko dukani, utaagizwa Mombasa. Chengo akaapa kwamba gari lilikuwa zima lilipotoka nyumbani. Nikamwambia kila kitu kilikuwa kizima kilipotoka nyumbani.

Siku hizo mbili nilizipitisha zaidi katika duka la Bwana Ramnik, mzee wa Kihindi anayeuza mbegu, majembe na vifaa vya shamba mjini Malindi tangu enzi za baba yake. Tunajuana kwa miaka mingi. Mkewe alituletea bajia na chatini ya nazi, na chai yenye tangawizi ya kukwaruza koo. Kiswahili cha Bwana Ramnik ni cha Malindi hasa. Akikisema taratibu unatamani asimalize.

Alinipeleka uani kuona mkomamanga wa bibi yake. Ulikuwa ungali umesimama, lakini matunda yake yalikuwa yamepasuka yakiwa madogo, meusi ndani.

"Omari," akasema, "zamani mtu akija hapa akaniuliza nipande nini, nilikuwa na jibu. Wa Mambrui nampa hiki, wa Jilore nampa kile, wa huko juu nampa mtama aende zake. Sasa akija mtu naona haya. Namuuzia mbegu, nalala nikijua nimemuuzia hasara."

"Wewe huleti mvua, bwana."

"Siileti. Lakini pesa yake naipokea."

Nilinunua kamba, bonge zima la kamba ya nailoni ya manjano, kwa sababu mimi sipandi miti ovyo ovyo. Bustani zangu mnazijua, mistari yake unaweza kupiga rula. Bwana Ramnik akalipima lile bonge mkononi, akacheka.

"Kamba yote hii ya nini? Unakwenda kupima viwanja?"

Nami nikacheka. Tulicheka wote watatu, pamoja na Chengo.

Jilore: mwanamke anayewanyima maji watoto wake

Mkanda ulipopatikana tulikwenda kwanza Jilore, kando ya mto, kwa sababu huko kuna mama anayeitwa Mama Kadzo mwenye kitalu cha miche. Nilikuwa nimesikia kwamba miche yake haifi. Nilitaka kuona anafanyaje, na kwa kweli nilitaka kuona kosa lake.

Mama Kadzo ni mwanamke mkavu, mrefu, haongei mpaka amalize anachofanya. Tulimkuta ameinama anahamisha viriba vya miche kutoka kivulini kuviweka juani. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinuka. Miche yake ilikuwa midogo kuliko yangu ya Kilifi, majani machache, rangi imefifia. Nikafikiri, hii ndiyo inayosifiwa?

"Unaidharau," akasema. "Angalia mizizi."

Akapasua kiriba kimoja kwa wembe, bila kujali kwamba anaharibu mche wake. Mizizi ilikuwa imejaa, minene, imeshuka moja kwa moja chini.

"Hawa wa hapa mtoni nawamwagilia kila siku," akasema. "Wale wa kule nyuma ni wa watu wa juu. Nawapa maji siku ya kwanza, nawanyima ya pili, nawanyima ya tatu. Wanalia, wanalegea, nawaangalia tu. Asiyeweza afe hapa kwangu, asiende kumfia mtu."

"Na moyo hauumi?"

"Unauma. Ndiyo sababu nawageuzia mgongo."

Nilimwambia nakwenda Adu, nataka miembe minne. Akakataa kuniuzia. Mwembe wake umezoea unyevu wa mto, akasema, na Adu ya sasa siyo Adu ya mama yake. Mimi kimoyomoyo nilifurahi kwa kuwa ndivyo nilivyomwambia Mwanasha. Akanichagulia mikwaju, mikunazi na miarobaini kutoka upande wa wenye kiu, na baada ya kubembelezwa, mikorosho miwili. Yote pamoja ilikuwa miche ishirini na sita.

Tulikuwa tumeshapakia aliponiuliza, "Shamba ni la nani?"

"La wakwe wa dada yangu. Mumewe amefariki."

Mama Kadzo alifuta mikono kwenye leso yake polepole. "Basi mwache dada yako apande mwenyewe," akasema. "Wewe kaa kivulini."

Nikamwambia kwa utani kwamba kivuli ndicho tunachokwenda kukitafuta. Chengo alicheka. Yeye hakucheka, akarudi kwenye kazi yake. Alitupa sima na mtsunga, ile mboga chungu, tukala tumechutama, tukaondoka tukiwa tumeshiba na mimi nikijiona nimeshinda.

Sabaki: maji

Ili kwenda Adu ilibidi turudi hadi barabara kuu na kuvuka Sabaki. Gari lilichemka kabla hatujafika darajani. Chengo alisimama, akafungua boneti, akasema tungoje lipoe. Tulingoja saa tatu juani. Miche nyuma ilianza kulegea, nami nikaanza kuhangaika. Mama Kadzo alikuwa amewazoesha kiu, lakini upepo wa garini si kiu, ni kisu.

Nilichukua ndoo nikateremka mtoni. Maji yalikuwa mengi, ya rangi ya chai ya maziwa. Nikachota, nikarudi, nikaanza na mikorosho kwa kuwa ndiyo niliyoionea huruma zaidi, maana ndiyo pekee niliyoipata kati ya miti aliyoiomba Mwanasha. Niliimwagilia hadi viriba vikavuja. Nilikuwa nageukia mikwaju aliposimama mtu mmoja wa pale Sabaki, mvuvi ambaye pia ana kijishamba cha mboga, nyavu begani.

"Mzee, hayo maji umeyaonja?"

"Maji ya mto yaonjwe ya nini?"

Akachovya kidole kwenye ndoo, akakiweka mdomoni, akanipa ishara nami nifanye. Yalikuwa chumvi. Bahari ilikuwa imejaa, akanieleza kwa upole kama anamweleza mtoto, na siku hizi mto ukipungua nguvu bahari hupanda mpaka mahali ambapo zamani haikufika. Yeye mwenyewe alikuwa na minazi kumi na miwili. Sasa anayo mitatu, na hiyo mitatu haizai.

Mimi, mtu wa miaka thelathini kando ya bahari. Nilikaa chini kwenye vumbi pembeni ya gari. Tulijaribu kuiosha ile mikorosho kwa maji ya kunywa ya Chengo, chupa nzima, naye hakunung'unika, jambo lililonitisha zaidi. Yule mvuvi akatuletea nyanya chungu na samaki wawili waliokaushwa, akakataa shukrani. Tulilala Mambrui kwa sababu gari lilikataa tena. Kesho yake tulipoacha lami na kuingia barabara ya vumbi, majani ya mikorosho yalikuwa yameungua kingoni, na kabla ya adhuhuri yalikuwa yamekunjamana. Chengo akaitupa njiani. Sikugeuka kutazama.

Kwa hiyo nilikuwa nakwenda kwa dada yangu bila mwembe hata mmoja, wala mkorosho. Hata hapo nilikuwa bado najiona nina akili. Nilikuwa na miti itakayoishi.

Adu: mapokezi

Barabara ya Adu ni ndefu kuliko ilivyo. Pande zote mbili ni vichaka vya kijivu na minazi iliyokatika vichwa, imesimama kama nguzo za simu. Mbuzi walikuwa wanakula maboksi. Nilikwenda kule harusini mwa Mwanasha, na nakumbuka tulipita chini ya mikorosho mpaka tukawasha taa za gari mchana. Nilimwonyesha Chengo mahali penyewe. Hapakuwa na cha kuonyesha.

Mwanasha alikuwa amesimama mlangoni. Amekonda. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanibusu kiganja, akasema, "Umechelewa, kaka, nilidhani umekufa njiani." Kisha akaenda nyuma ya pikapu, akaangalia, na akaanza kupekuapekua viriba kimoja kimoja.

"Miembe iko wapi?"

Nikamweleza. Mto, chumvi, Mama Kadzo, jua. Nilieleza vizuri sana, nilipenda nilivyoeleza. Nikamwonyesha mkunazi, nikamwambia huu mizizi yake inafuata maji chini kabisa, na mbuzi akiutafuna unachipuka tena.

"Nani aliwahi kurithi mkunazi, kaka?" akasema. Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu.

Shemeji yake, Katana, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja jioni hiyo kutusalimu kutoka boma lake lililo mwendo wa dakika tano. Ni mzee aliyenyooka, ana fimbo asiyoihitaji. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za Kilifi, za watoto, za safari. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akacheka, akaagiza tuletewe maziwa kwake. Na yaliletwa, chupa nzima, mahali ambapo ng'ombe wenyewe mbavu unazihesabu. Nawaambia haya ili msije mkadhani nitakayoyasema ni ya mtu mbaya.

Mwanasha alitupikia sima na wale samaki wa Sabaki, akawaunga kwa tui jepesi. Nazi aliitoa kwa jirani. Alitusogezea mapande makubwa, yeye akabaki na kichwa.

Adu: kamba

Siku ya pili tulianza kupanda alfajiri. Mwanasha alinionyesha visiki sita, vimetapakaa huku na huku mbele ya nyumba. "Panda pale pale," akasema. "Kila kisiki, mche wake. Sita tu. Nitawaambia miti ya marehemu inachipua upya, nani atabisha?"

Wazee wangu, hapa ndipo ningeweza kunyamaza na kufanya nilivyoambiwa. Lakini fundi ana maradhi yake. Nilipiga teke kisiki kimoja, mchwa wakamwagika. Nikamwambia ardhi ya kisiki imechoka, ina mchwa na mizizi inayooza, hakuna mtu mwenye akili anayepanda mche mahali palipokufa mti. Nikamwambia jua linaloua nyumba yake ni la alasiri na upepo unaokausha unatoka upande ule ule, kwa hiyo miti inatakiwa kusimama mstari mmoja upande wa magharibi, kisha igeuke kwenye pembe, ikinge uwanja wote.

"Sita haikingi kitu," nikasema. "Tupande yote."

"Kaka, tusionekane."

"Tusionekane na nani? Tunapanda miti, hatuchimbi dhahabu."

Nikachonga vigingi, nikafunga kamba ya manjano. Nilimpa Mwanasha ncha moja, nikamwambia aivute na asimame kule kwenye kichuguu. Akasimama. Bado namwona amesimama pale na ile ncha, uso ameugeuza upande wa njia. Watu walikuwa wanapita na madumu kwenda bwawani. Walikuwa wanapunguza mwendo, wanasalimu, wanatazama kamba, wanaendelea. Nilifikiri wanaifurahia kazi yangu.

Mpaka adhuhuri miche ishirini na minne ilikuwa ardhini, hatua tano kati ya mmoja na mwingine, na mistari miwili iliyokutana kwenye pembe sawasawa. Nilirudi nyuma nikaitazama. Sijawahi kupanda mstari mzuri kama ule, hata kwa matajiri.

Adu: kikao

Kikao kilichokuwa kije baada ya mwezi kilikuja asubuhi iliyofuata. Katana alikuja na wazee wengine watatu wa ukoo. Walivua viatu, wakakaa mkekani, wakanywa chai ya Mwanasha. Waliuliza tumelalaje. Kisha Katana akaelekeza fimbo nje.

"Shemeji, ule mpaka umeuweka wewe?"

"Si mpaka, shemeji. Ni miti ya kukinga upepo."

"Miti tunaijua," akasema. "Mti hupandwa hapa, mwingine pale, mahali mtu alipotema kokwa. Ule umefuata kamba. Na kamba tunaijua pia. Kule chini karibu na bahari walikuja watu na kamba, wakasema wanapima tu. Kamba ikishapita, nyuma yake hupita mtu na karatasi, na nyuma ya karatasi mnaambiwa mhame. Jana watu wanane walikuja kwangu. Wameona mjane wa Karisa ameshika kamba na kaka yake kutoka Kilifi. Wanauliza, ardhi imeuzwa kwa nani?"

Nilianza kueleza habari za jua la alasiri. Mzee mmoja alitikisa kichwa taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Tuyaache hayo ya jua," Katana akasema. "Nakuuliza neno moja. Ile miti ni ya nani?"

Nikajibu haraka, kwa sauti ya mtu anayemtetea ndugu yake. "Ni ya dada yangu."

Mwanasha alikuwa ameshika birika. Aliniangalia, mara moja tu, nami nikajua. Nilitakiwa kusema ni ya nyumba ya Karisa. Nilitakiwa kusema ni ya marehemu. Neno moja lilikuwa linatosha kumpa pa kusimama, na mimi nilikuwa nimemhesabu mbele ya ukoo mzima kuwa mtu wa kwetu, mtu wa Kilifi, aliyekuja kuweka mpaka katika ardhi ya watu. Nilijaribu kulivuta lile neno lirudi. Nikasema yaani ya kwao, ya nyumbani hapa, ya wote. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kuharibu.

Katana hakupandisha sauti. Akasema miti sita ya ndugu yake iliheshimiwa, na hakuna aliyemgusa mjane wake kwa sababu ya miti ile. Sasa Mungu ameichukua. "Mulungu akichukua, sisi hatuwezi kusema hapana," ndivyo alivyosema. Mjane anaweza kukaa, hawamfukuzi, wao si watu wa kufukuza. Lakini atakaa kama mgeni anavyokaa. Alime mahindi, alime kunde, apande mihogo ya msimu. Kitu chenye shina la kudumu asipande.

"Na ile iliyoko?" mzee mwingine akauliza.

Kabla Katana hajajibu, Mwanasha aliweka birika chini. "Nitaing'oa mwenyewe," akasema.

Nilitoka nyuma yake. Akanizuia kwa kiganja, bila kunigusa. Alianzia kwenye kichuguu, akaenda mche hadi mche, akiinama, akishika chini ya shina, akivuta. Mizizi ilitoka na udongo uliokuwa bado na unyevu wa maji aliyoyabeba yeye kichwani kutoka bwawani. Aliifuata mistari yangu yote miwili mpaka mwisho, hakuruka hata mmoja. Wazee walikuwa wamesimama mlangoni. Alikuwa anafanya vile ili waone kwamba yeye hakutaka shari, na waliona. Nilivyokuwa najisikia siwezi kuwaandikia. Nilitamani kumpiga mtu, na mtu wa kupiga alikuwa mimi.

Alipomaliza, Katana aliokota miarobaini miwili, akaitazama mizizi.

"Huu ni mzuri, shemeji?" akaniuliza. "Kwangu hakuna kivuli kabisa."

Nikamwambia ni mzuri. Nikamfundisha achimbe shimo la kina gani, na amwagilie jioni, siku moja aache siku mbili. Alinishukuru kwa dhati, akaifunga kwenye kitambaa chenye maji, akaenda nayo nyumbani kwake, kwenye ardhi yake.

Kurudi

Tulirudi siku moja tu. Gari halikuchemka, mkanda haukukatika, hata vumbi lilikuwa dogo. Mwanasha alitufungia mihogo ya kuchemsha na pilipili, akasema nisihuzunike, alichoniomba alikuwa ameniomba vibaya. Hakuwa ameniomba vibaya. Aliomba miembe minne na mikorosho miwili, na aliomba niipande penye visiki. Nilimwambia aje akae na sisi Kilifi. Akaniuliza kwetu Kilifi ana mti gani. Mnajua nyumba yangu, nimepanga.

Chengo aliendesha mpaka tukavuka Sabaki. Hapo akasema, "Mistari ilikuwa imenyooka lakini, mzee." Alikuwa ananifariji, maskini.

Miche iliyobaki, tuliyoipakia tena nyuma ya gari, ilikauka kabla ya Malindi. Nilipita Jilore kwa simu, nikamwambia Mama Kadzo yote, maana nilidhani ana haki ya kujua watoto wake wameishia wapi. Alisikiliza. Akaniuliza kama ilikufa kwa kiu. Nikamwambia la. Akasema basi, na akakata.

Mimi nimerudi kwenye bustani za watu. Wiki iliyopita tajiri mmoja aliniuliza apande mti gani utakaostahimili mabadiliko haya ya hali ya hewa, na nikamjibu, nikamtajia mwarobaini, mkwaju, mkunazi, kwa ukanda wa bahari hivi na kwa bara hivi. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Aliyaandika kwenye simu yake na kuniita profesa.

Jana nilimpigia Mwanasha. Nilimwuliza kama mvua imeanza. Akasema haijaanza, hata wingu hakuna, lakini mahindi ameshayatia ardhini yote. Nikamwambia yataungua, mdogo wangu, ungengoja.

"Najua yataungua," akasema. "Lakini kaka, wakipita wanione nimepanda walichoniruhusu."